Nimeambiwa mfupa wa meno umeliwa nusu: ni lazima ning'olewe?

"Daktari, nina miaka 43, naishi Morogoro. Kwa miaka kama mitatu fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo nikawa napiga taratibu nisizichokoze. Mwezi uliopita niliona meno mawili ya mbele ya chini yanacheza na yameanza kuachana. Nilikwenda kliniki nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa unaoshika meno 'umeliwa nusu' na meno manne ya mbele yang'olewe niwekewe ya bandia. Kliniki ya pili wakasema nisafishwe kwanza. Naogopa kusafishwa, kwa sababu mama yangu alisafishwa meno na baada ya hapo ndipo yalipoanza kulegea, leo hana hata moja la mbele. Jirani ananishauri vidonge vya kalsiamu ili mfupa urudi, na duka la dawa wamenipa amoksilini mara mbili. Sina maumivu yoyote. Mwaka juzi niliambiwa sukari imepanda kidogo ila sikurudi kupima. Nifanye nini? Mfupa unaweza kurudi?"

Dada yangu, umeuliza mengi kwa mara moja na nitayajibu yote, ila nianze na lililo la haraka: usikubali kung'olewa meno hayo wiki hii. Sisemi kwamba hakuna litakalong'olewa; sijakuona kinywa, na uamuzi huo hautolewi kwa barua. Nasema tu kwamba jino lililobakiwa na nusu ya mfupa, lisilouma wala kutoa usaha, katika kinywa cha mtu wa miaka 43, lina haki ya kutibiwa kwanza. Meno ya namna hiyo, yakitibiwa na kutunzwa, huendelea kutafuna kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka.

Kuhusu mfupa kurudi, sehemu kubwa ya uliopotea haitarudi. Lakini uliobaki unaweza kuzuiwa usipungue tena, na huo ndio unaoshika meno yako sasa hivi. Naomba tuelewane hapa mapema, kwa maana nimeona watu wakiharibikiwa pande zote mbili. Anayesubiri mfupa uote upya huja kukata tamaa akaacha matibabu katikati, na anayedhani ameshapoteza kila kitu hung'oa meno yaliyokuwa bado na kazi.

Neno "umeliwa" lenyewe linapotosha. Mtu akilisikia humfikiria mdudu anayetafuna taya. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Kinachotokea ni hiki. Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini wa bakteria, ule unaouhisi kwa ulimi asubuhi jino likiwa halitelezi. Wengi tunauita ukoga. Ukiachwa palepale kwa siku kadhaa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, mgumu kama ile chokaa inayoganda ndani ya birika la kuchemshia maji. Ugaga hautoki kwa mswaki, na uso wake wa kukwaruza ni makao mazuri ya utando mpya.

Fizi hazivumilii utando huo hata mwezi mmoja. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio la watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walioombwa kuacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki 2 hadi 3 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo damu unayoiona kwenye mswaki haisababishwi na mswaki. Ni fizi inayolalamika kwamba hapo hapajasafishwa. Wewe, kama wengi, uliichukulia damu kuwa jeraha ukapunguza mkono, na utando ukapata nafasi. Sikulaumu. Hakuna aliyekuambia, na kwa mtu asiyejua, kuhurumia panapotoka damu ndiyo akili ya kawaida.

Hadi hapo hakuna kilichopotea. Hasara huanza bakteria wanapojichimbia chini ya mstari wa fizi na uvimbe ukadumu miezi na miaka. Ndani ya mifupa yetu yote kuna seli ambazo kazi yake ni kumega mfupa mkuukuu, na nyingine zinazojenga mpya nyuma yao. Hizo mbili hufanya kazi kwa zamu tangu tunazaliwa hadi tunakufa. Uvimbe usiokoma kwenye fizi huharibu mizani hiyo. Seli za kumega hupata amri nyingi kuliko za kujenga, na ukingo wa mfupa hurudi nyuma, mbali na maambukizi. Anayeuondoa mfupa, basi, ni mwili wenyewe, unaomkimbia adui aliyekaa kwenye mzizi. Ndiyo maana nina matumaini kwa mtu kama wewe: adui akiondolewa, mwili huacha kukimbia.

Mfupa ukishuka, mara nyingi fizi haishuki nao sawasawa. Hubaki juu, na kati yake na mzizi hutokea mfuko. Kwa mtu mzima wa afya, nafasi hiyo ina kina cha milimita 1 hadi 3. Ikifika 4, 5, 7, nywele za mswaki haziwezi tena kufika chini, na humo pasipo na hewa ndimo bakteria wabaya zaidi wanapostawi. Yote haya hutokea bila maumivu. Umeandika "sina maumivu yoyote" kana kwamba ni dalili njema, lakini huu ni ugonjwa usiouma mpaka umefika mbali, na ndiyo sababu watu huuona siku jino linapocheza.

Sasa mama yako. Nimeisikia hofu hii katika kila wilaya niliyofanya kazi, na inastahili jibu la heshima kwa sababu watu hawakuitunga. Waliona kweli meno yakicheza baada ya kusafishwa. Umewahi kuona mnazi ulio ukingoni kabisa mwa bahari, mawimbi yamechota mchanga mpaka mizizi iko nje? Mara nyingine mawe na takataka huwa zimejibana katikati ya mizizi, na kwa mbali mti unaonekana umesimama imara. Mtu akija kuyaondoa mawe, mti hutikisika, na aliyepita njiani atasema fulani ndiye aliyeulegeza. Mchanga ulikuwa umekwenda zamani. Ugaga mwingi hujibana kati ya meno na kuyafunga pamoja kama saruji mbovu. Ukitolewa, jino huonekana lilivyo. Tena fizi iliyokuwa imevimba hunywea, na jino likaonekana refu kuliko jana.

Huenda mama alisafishwa mara moja, akiwa amechelewa, kisha hakuna aliyempangia kurudi. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi upande wetu sisi watoa huduma: mgonjwa husafishwa, hulipa, huondoka, na hakuna anayemwambia kwamba hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu ya matibabu.

Kuna jambo jingine ndani ya habari za mama. Löe huyohuyo alifuatilia kwa takriban miaka 15 wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na mazoea ya kusafisha meno wala hawakupata daktari wa meno. Matokeo ya mwaka 1986 yalionyesha kwamba asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi kubwa, 81 kwa kasi ya wastani, na 11 hawakupoteza kabisa, ingawa wote walikuwa na utando na ugaga tele. Hapa kwetu Afrika Mashariki, uchunguzi wa watu wazima wa Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha picha inayofanana: ugaga na damu ya fizi kwa karibu kila mtu, lakini uharibifu mkubwa ukiwa umejikusanya kwa wachache. Miili haifanani. Wengine huzaliwa na mwili unaopigana kwa hasira na kubomoa nyumba yake mwenyewe, na tabia hiyo hutembea katika familia. Kwa hiyo usimruhusu mtu akuaibishe kwamba wewe ni mchafu. Na ndugu zako wa tumbo moja waambie wakapimwe fizi, hasa wanaosema "mimi siumwi".

Nije kwenye sukari, sehemu ya barua yako iliyonishtua kuliko meno. Kisukari kisichodhibitiwa ni miongoni mwa mambo mawili yanayoharakisha sana upotevu wa mfupa. La pili ni tumbaku, ya kuvuta zaidi, ingawa ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo hurudisha fizi nyuma pale vinapowekwa. Sukari ikiwa juu, mwili huvimba kwa urahisi na kupona kwa shida. Njia hii ina pande mbili. Mtu mwenye mifuko kinywa kizima ana kidonda kilichofichika ambacho kikikunjuliwa hufikia sentimita za mraba 8 hadi 20, na kidonda cha ukubwa huo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Fizi zikitibiwa, kipimo cha wastani wa sukari cha miezi 3 hushuka kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Si badala ya dawa wala mlo, lakini ni msaada wa kweli. Kapime wiki hii, kabla hata ya kurudi kwa daktari wa meno, na ubebe majibu uende nayo. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu utakachofanya baada ya kusoma hapa, nitachagua hicho.

Amoksilini uliyopewa haikuwa na kazi. Utando wa bakteria ni kama ngome. Dawa inayopita kwenye damu huwagusa walio nje na kuwaacha walio ndani, na ugaga hauyeyushwi na kidonge chochote. Fizi hutulia kwa wiki mbili, mgonjwa akaamini amepona, huku mfupa ukiendelea kushuka. Viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoksilini, vina nafasi yake, kwa mfano kwa kijana ambaye mfupa umekwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, lakini hutolewa pamoja na kusafisha mizizi, kwa agizo la daktari aliyepima. Ukiwa na vidonge vilivyobaki, usivinywe na usimgawie mtu.

Kalsiamu ni salama kwa kiasi chake na ina faida nyingine, ila haitajenga ukingo wa mfupa kwenye mzizi uliojaa ugaga. Tatizo lako halikuwa uhaba wa madini. Kusukutua kwa maji ya chumvi hutuliza fizi na siyakatazi. Karafuu hupunguza maumivu, lakini wewe huna maumivu. Mkaa uuache, hukwaruza, na mizizi iliyo wazi ni laini kuliko sehemu ya juu ya jino. Na kama unatumia dawa ya presha iitwayo amlodipini au ya kifafa iitwayo fenitoini, mwambie daktari wa meno, kwa sababu huweza kukuza fizi zikafunika meno. Usiiache mwenyewe kamwe. Hubadilishwa na aliyekuandikia.

Ukienda kliniki, hivi ndivyo mambo yanavyotakiwa kwenda. Kwanza apime. Namaanisha kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachopitishwa kuzunguka kila jino sehemu sita, namba zikiandikwa. Eksirei huonyesha mfupa uko wapi, haionyeshi kina cha mfuko wala damu. Mtu akikuambia "ng'oa manne" bila kupima mifuko, hajamaliza uchunguzi. Kisha husafishwa juu ya fizi na chini yake, kwenye mizizi, kwa mashine na vyuma vya mkono, kwa sindano ya ganzi pale penye mifuko. Kazi hiyo yaweza kuchukua miadi miwili hadi minne. Enamel, gamba gumu la nje ya jino, haikwanguliwi ikaisha; kinachotoka ni ugaga.

Baada ya hapo tarajia mambo matatu ambayo yasipotajwa mapema humtisha mgonjwa. Meno yatahisi baridi kwa wiki kadhaa. Yataonekana marefu, na vipenyo vyeusi vitatokea katikati yake. Na meno yako mawili huenda yakacheza kidogo zaidi mwanzoni, kabla ya kukaza fizi zinapopona. Kulegea kwa jino husababishwa na mfupa uliopotea pamoja na uvimbe uliopo, na ile sehemu inayotokana na uvimbe hupona. Yakibaki yanakusumbua kutafuna, yanaweza kufungwa pamoja kwa nyuma kwa waya mwembamba au nyuzi maalumu zilizogandishwa, yasaidiane.

Wiki 8 hadi 12 baadaye hupimwa upya, milimita kwa milimita. Mifuko mingi hupungua kwa milimita 1 au 2. Iliyobaki na kina cha 6 au zaidi, tena ikitoa damu, ndiyo inayofikiriwa upasuaji wa fizi ili mzizi usafishwe ukionekana. Hapo ndipo swali lako la mfupa kurudi linapopata jibu la nusu. Pale mfupa ulipochimbika wima, kishimo chembamba kirefu chenye kuta zake, tunaweza kuweka unga wa mfupa au kizuizi chembamba chini ya fizi, na sehemu ya kishimo ikajaa. Pale mfupa uliposhuka kwa usawa kwenye meno yote, kama inavyokuwa mara nyingi kwenye meno ya mbele ya chini, hakuna unga utakaoupandisha, na anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto. Jambo moja zaidi kwa wanaojali asili ya vitu, nasi Waislamu tumo: baadhi ya vifaa hivi hutokana na ng'ombe, vingine na nguruwe, vingine na mfupa wa binadamu, na vipo vya kutengenezwa kiwandani. Una haki ya kuuliza kabla ya kusaini, na daktari mzuri hatachukia.

Na kung'oa je? Kuna meno ambayo nami ningeyatoa bila kusita: lililobakiwa na mfupa kidogo kwenye ncha tu, linalozama ukilibonyeza, linalovimba usaha kila mara, au linalokuzuia kula. Ila jua unachonunua. Jino likitoka, ukingo wa taya hauna tena wa kumshika, na katika mwaka wa kwanza upana wake hupungua kwa takriban nusu. Kung'oa mapema "ili kuokoa mfupa" ni hesabu iliyogeuzwa. Meno bandia ya kuvua yanafaa na ni nafuu, lakini huegemea majirani ambao nao kwako wana ugonjwa uleule. Yale ya kupandikizwa kwenye mfupa ni ghali, na aliyewahi kupoteza mfupa kwa ugonjwa wa fizi yumo hatarini zaidi kuupoteza kuzunguka kipandikizi pia. Kila njia, hata ya kung'oa, huanza na fizi zilizotibiwa. Kwa hiyo kliniki yako ya pili ilikuwa sahihi.

Nyumbani, kazi ni yako kuliko yangu. Tumia mswaki laini, uinamishe kuelekea ulipo mstari wa fizi, usogeze kidogokidogo kwa dakika 2 nzima, asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno iwe na floridi. Damu ikitoka, endelea. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Muhimu kuliko yote kwako ni katikati ya meno. Nafasi zako zimeshapanuka, na uzi wa meno hautoshi hapo. Tafuta vile viburashi vidogo vya kupitisha katikati, uchague ukubwa unaojaza nafasi bila kulazimisha. Kama umezoea mswaki wa mti, usiuache kwa kuona haya; Shirika la Afya Duniani liliuhimiza tangu miaka ya 1980, na ukichanuliwa vizuri husafisha. Udhaifu wake ni nyuma ya meno na katikati, basi hapo ongezea kiburashi. Maji ya kusukutua yenye klorheksidini ni ya wiki mbili tu baada ya matibabu. Yakizidi hupaka meno rangi ya kahawia, hasa kwa mnywaji chai.

Usingoje miadi kama shavu au chini ya kidevu kutavimba ukapata homa, shida ya kumeza au kufungua kinywa: hiyo ni hospitali usiku huohuo. Fizi zikioza ghafla kwa maumivu makali na harufu nzito, nenda upesi na ukubali kupimwa VVU. Jino moja likilegea kwa wiki chache huku mengine yako imara, au mdomo wa chini ukafa ganzi, daktari atafute uvimbe ndani ya taya. Na kwa kuwa mama wengi watasoma hapa: mtoto wa miaka 4 hadi 8 ambaye magego yake yanalegea na shavu linajaa kwa wiki chache si "anaota meno". Katika ukanda wetu hiyo yaweza kuwa saratani ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Inatibika kwa dawa, ikiwahiwa.

Baada ya matibabu utarudi kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kwa sababu bakteria huanza kujirudisha mifukoni ndani ya wiki kadhaa. Eksirei yako iombe hapo kliniki ya kwanza. Bila hiyo hakuna atakayejua kama mfupa unashuka au umesimama. Morogoro anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha kinywa na meno, uulize kama kuna siku anayokuja daktari bingwa wa fizi. Kama hakuna, daktari wa meno wa kawaida anaweza kabisa kupima na kusafisha mizizi, na upasuaji tu ndio utakaohitaji safari ya Dar es Salaam. Ukipata namba za mifuko yako na majibu ya sukari, niandikie tena, tuangalie jino moja moja.